Silinda ya Gari la Marehemu

Alhamisi, tarehe tisa. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha, halafu jua la Kisumu likatoka na ule moto wake wa kupika matope. Mume wangu alikuwa nje na fundi wakishughulikia breki za gari letu, na fundi akamwaga mafuta ya breki kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Harufu ile iliingia ndani kabla sijajua ni ya nini: tamu kidogo, kali kidogo, kama mafuta ya nyonyo yaliyokaa karibu na samaki. Nikaacha mboga, nikakaa kwenye kigoda. Mume wangu aliponiuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimemkumbuka babu yangu tu.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mambo haya niliyaona nikiwa mdogo sana, hata sina uhakika yapi niliyaona na yapi niliambiwa baadaye. Nitajaribu kutenganisha. Nyinyi mliokua siku zile, wakati gari moja kuukuu lilikuwa kama la mtaa mzima, mtanisahihisha.

Tulikaa Kondele. Baba alikuwa seremala, na gari lake lilikuwa stesheni-wagoni ya zamani yenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Lilikuwa na umri kunishinda. Lilibeba mbao, viti, maharusi, wagonjwa, na mara moja mbuzi wa kasisi. Babu alipoanza kuvimba miguu kule kijijini kwake, Pap Onditi, ni gari hilohilo lililomleta hospitali. Alilazwa, akakaa, halafu daktari akamwita Baba pembeni, na jioni Baba akamleta kwanza kwetu Kondele, akatueleza.

"Moyo wa Mzee haisukumi tena vizuri," alimwambia Mama. "Maji inabaki ndani. Wamesema tumpeleke nyumbani, akae na watu wake."

Mama akauliza, "Nyumbani gani? Wewe uko na nyumbani?"

Hakusema kwa ubaya. Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Baba alikuwa ameoa, amezaa, na bado hakuwa na dala lake, yaani boma alilolianzisha mwenyewe kwenye ardhi ya ukoo. Kwetu mwanamume hachukui tu jembe akaenda kujenga. Baba yake mzazi humtangulia alfajiri, jogoo mkononi, akamwonyesha mahali. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka, mke hubeba moto, na nyumba ya kwanza husimama siku hiyohiyo. Kama mzazi ameshakufa, mtu mwingine wa ukoo husimama badala yake. Sijui kama kila ukoo hufanya hivyo hivyo. Ninachojua ni kwamba Baba hakuwa na kaka wala baba mdogo. Mtu wa ukoo aliyebaki alikuwa binamu wa Babu, na huyo binamu alikuwa amelima ile ardhi miaka mingi akisema ni yake. Babu akifa kabla hajaonyesha mahali, mwenye kuonyesha angekuwa yeye. Kila mtu alijua angeonyesha wapi: kule bondeni, maji yanapotuama.

Kwa hiyo Babu alipaswa kufika Pap Onditi akiwa hai. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mengine yote yalikuwa breki.

Siku tuliyotaka kumbeba, Baba alilitoa gari uani, akakanyaga breki, na kikanyagio kikazama hadi sakafuni. Gari likasimama kwa kugonga mti wa mwarobaini. Fundi Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuwa na gereji chini ya mabati karibu na stendi ya boda, akaja akafungua gurudumu la nyuma. Ndani kulikuwa kumelowa kama mdomo wa ng'ombe. Akanionyesha hata mimi, kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa hapo na hakuwa mtu wa kufukuza watoto.

"Unaona hii kichuma? Inaitwa silinda. Baba akikanyaga, mafuta inakuja hapa, hii inasukuma, gurudumu inasimama. Sasa haisukumi. Maji yote inatoka."

Haisukumi. Maji. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia usiku uliopita, kuhusu Babu, na Babu alikuwa kule chumbani akipumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Basi kichwani mwangu mambo yakakaa pamoja. Nilielewa kwamba Babu na gari wanaumwa ugonjwa mmoja, na kwamba kile kichuma kikipatikana kizuri, wote wawili watapona. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna aliyeniambia sivyo. Baba mwenyewe alikuwa akirudia kila saa, "Tukipata hiyo silinda, Mzee ataenda." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Baba alijaribu kwanza njia nyingine, sitaki isemwe kwamba hakujaribu. Alikwenda kwa wenye teksi. Mmoja alimwambia, "Jirani, nakupenda, lakini Mzee akiniachia roho hapo nyuma, nani atapanda hiyo gari tena?" Wakati ule nilimwona mtu mbaya. Leo nadhani alisema tu kile wenzake walichokifichia visingizio vya matairi na petroli. Kwenye matatu Babu asingeweza kukaa. Alikuwa akilala kwa ubavu mmoja tu, na hata hivyo kwa mito.

Wafula alijaribu kubadilisha raba za ndani. Zikakatika. Silinda ilikuwa imeliwa na kutu, ina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Baba akamsihi aikunje ile paipu ya gurudumu bovu ili gari litumie breki za magurudumu mengine. Wafula hakutaka, lakini Baba alikuwa na uso ambao huwezi kuukatalia. Walilijaribu barabarani wawili tu. Wakakanyaga, gari likavutwa upande mmoja kama fahali aliyeshikwa pembe, likaingia kwenye kibanda cha nyanya. Mama muuza nyanya alikuwa ameenda kuomba chenji, namshukuru Mungu. Wafula alirudi kwa miguu, akaketi kwenye ngazi yetu.

"Mimi sifungi tena kitu ya uongo," alimwambia Baba. "Nataka ile yenyewe. Ukileta ile yenyewe nitafunga, hata kama nimelala nitaamka."

Basi tukaanza kuitafuta ile yenyewe. Nasema tukaanza kwa sababu Mama alikuwa na Babu wa kugeuza na mdogo wangu mgongoni, na Baba akanichukua mimi ili nisimsumbue. Aliifunga silinda mbovu kwenye kitambaa, akanipa niishike. Niliishika kama yai.

Duka la kwanza la spea, kijana akaitazama, akaingia ndani, akatoka na nyingine inayong'aa.

"Mzee, hii ni hiyo hiyo. Pacha kabisa."

"Weka karibu tuone," Baba akasema.

Kwa macho zilikuwa pacha kweli. Baba akainunua. Wafula alipojaribu kuingiza paipu, meno hayakushikana. Ilikuwa ya gari lililotoka baadaye, lenye sura ileile na mfupa mwingine. Kijana wa duka hakubisha, alibadilisha. Ya pili ilikubali paipu na bolti, na Wafula akacheka, na mimi nikakimbia chumbani kumwangalia Babu kama ameanza kupona. Alikuwa ameketi. Mama alikuwa akimnywesha uji. Nikaona kweli inafanya kazi. Lakini walipozungusha gurudumu halikuzunguka, na walipolilazimisha likatoa moshi, kwa sababu ndani ilikuwa nene kidogo kuliko inavyotakiwa na iliposhika haikuachia. Jioni hiyo Babu alizidiwa. Mnaweza kuona wenyewe jinsi mtoto anavyohesabu.

Tulizunguka soko la Kibuye lote. Ya kushoto ipo, ya kulia haipo. Ya mbele ipo, ya nyuma haipo. Mwingine akasema agizia Nairobi, mwingine akasema hata Nairobi haipo, hiyo gari ilishakufa na waliokuwa wanaijua. Baba alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kutania wauza duka, lakini kila mlango tuliotoka alipungukiwa na maneno. Mwishowe alikuwa anafungua tu kile kitambaa, anasimama. Mara moja alisimama hivyo mbele ya duka la viatu. Mwenye duka akamtazama, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Baba, hapa ni viatu." Tukaendelea.

Mzee mmoja aliyeuza vipande vya magari yaliyokatwa ndiye aliyetuambia. "Kama hiyo yako iko moja Kaloleni. Imekaa kwa mawe, kuku zinalala ndani. Lakini ni ya marehemu. Kaongee na mjane."

Tulimkuta yule mama akikaanga mandazi mlangoni. Nitamwita Mama Pamela, kwa kuwa binti yake nilimsikia akiitwa Pamela. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, rangi nyingine lakini uso uleule, na mimi nililikimbilia kama nimeona ndugu. Baba akajieleza. Alijieleza vizuri, akataja hospitali, akataja dala, akataja binamu. Mama Pamela alisikiliza mpaka mwisho, akitoa mandazi kwenye mafuta moja baada ya jingine.

"Pole," akasema. "Lakini siwezi."

"Mama, nitalipa vile utasema."

"Sijasema bei. Nimesema siwezi. Mume wangu amezikwa, lakini ndugu zake hawajakuja kukaa kugawa vitu vyake. Wanakuja Jumapili. Shati yake moja sijatoa. Sasa wakute gari imekatwa mguu, nani ataitwa mwizi?"

Baba alijua hilo. Ndiyo mila yetu sote: vitu vya marehemu havitoki mpaka watu wake wakae. Hakuweza kumwambia kwamba mila yake ni ndogo kuliko yetu. Alisimama pale na kitambaa chake. Halafu akapiga magoti, Baba yangu, kwenye mchanga wenye mavi ya kuku, mbele ya mwanamke asiyemjua. Mimi nikaanza kulia, kwa sababu sikuwahi kumwona amepiga magoti isipokuwa kanisani.

"Inuka, Baba," Mama Pamela akasema. "Unanitia aibu na mtoto anaona." Na Baba hakuinuka.

Yule mama akaepua karai. Akaketi. Akaanza kuyapanga mandazi kwenye sinia. Miaka mingi nilimchukia kwa kule kupanga mandazi, na sasa niko na umri wake wa siku ile, najua alikuwa anatafuta njia.

"Kuuza sitauza," akasema hatimaye. "Kukupa, sitakupa. Lakini kitu ya mtu inaweza kuenda safari na irudi. Itarudi kabla ya Jumapili?"

"Itarudi."

"Na hiyo yako mbovu uifunge hapo mahali yake. Nisiache gari ya mume wangu na shimo."

Wafula alikuja akafanya hivyo. Alifukuza kuku, akatoa ile nzuri kwenye gari la marehemu, akaipuliza, akaiosha, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayetazama yai, na pale ilipotoka akafunga ile yetu yenye kutu. Nilisimama nikiangalia kila bolti. Na hapo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, uzuri wa akili ya Mama Pamela: ugonjwa wa Babu umetolewa, umepewa marehemu, ambaye hauwezi tena kumfanya kitu. Nilimwona mwanamke mwenye akili kuliko daktari.

Ile nzuri ikafungwa kwenye gari letu, na gari likakubali kusimama. Wafula aliliendesha hadi kwenye mwarobaini, akakanyaga, likasimama kabla ya mti, limenyooka. Hakuna aliyeshangilia. Baba akaketi mahali pa Wafula, akaweka kichwa kwenye usukani, akakaa hivyo.

Tulimlaza Babu nyuma kwenye godoro, mimi nikiwa miguuni pake. Baba aliendesha kama amebeba mtungi wa maji kichwani. Karibu na Ahero ng'ombe waliingia barabarani bila kuangalia, Baba akakanyaga, na gari likatulia hatua moja kabla yao. Babu akafungua macho.

"Ni nani anaendesha?"

"Ni mimi, Baba."

"Leo unaendesha vizuri. Umeanza kuzeeka." Mama akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, nilikuwa nimeangalia upande mwingine.

Tulifika Pap Onditi jioni hiyo, na alfajiri yake walimbeba Babu kwenye kiti. Ndiyo mara pekee niliyoona shughuli hiyo, basi nisiseme sana. Alikuwa na jogoo mapajani, amemshika miguu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mama alibeba moto kwenye kigae. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, alishikizwa shoka, na Mama akaushika mkono wake juu ya mpini ili isisemwe kwamba hakubeba. Yule binamu alikuja pia. Sijamsikia akisema neno baya, lazima niseme hivyo. Alisimama amevaa koti, akatazama. Babu akapandishwa hadi juu, kwenye ardhi kavu karibu na mti wa siala, akanyoosha kidole.

"Hapa. Mtu yeyote aliye na masikio asikie. Hapa."

Vijana wa pale wakachimba mashimo ya nguzo, na kabla jua halijazama nyumba ilikuwa na mabati juu na udongo mbichi kutani. Babu aliketi kivulini akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Alikula. Alimtania Mama kuhusu mlango uliopinda. Mimi nilikuwa namtazama yeye, halafu gurudumu la nyuma, halafu yeye.

Kesho yake Babu akamwita Baba.

"Kitu ya yule mama imerudi?"

"Bado, Baba. Nilitaka kungoja. Labda utahitaji kurudishwa hospitali."

"Jumapili ni lini?"

"Kesho."

"Basi unangoja nini? Mimi nimeonyesha ulichotaka kuonyeshwa. Toa hiyo kitu nikiona."

Mama akasema, polepole, kwamba gari likifunguliwa hapo tutakuwa tumefungwa miguu sote. Alikuwa na haki. Babu naye alikuwa na haki. Baba alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaenda kuchukua spana.

Nilimkimbilia. Nilimng'ang'ania mkono wa spana nikipiga kelele asitoe, asitoe, na yeye akadhani nalilia gari. "Litapona," aliniambia. "Nitapata nyingine, tutarudi Kondele, usilie." Akafungua. Mafuta yakaanza kumwagika mchangani, na mimi nikakinga viganja vyote viwili. Niliona nikiyashika yasifike chini bado kuna njia. Yalipita katikati ya vidole. Nikakimbia na kilichobaki hadi alipolala Babu, nikampelekea mikononi, nikisema, "Kwaro, Babu, wanakutolea. Wanakutolea ile kitu."

Alinusa viganja vyangu. "Unanuka kama Wafula," akasema. Kisha akanitazama muda mrefu, na sijui mpaka leo kama alinielewa. Mara naamini alinielewa kabisa, mara naona najidanganya, alikuwa mzee mgonjwa akiongea na mtoto. Alinipangusa mikono na shuka yake, kidole kimoja kimoja.

"Ilikuwa ya kukopa, nyakwara, mjukuu wangu. Haikuwa yetu."

Baba aliondoka mchana huohuo kutafuta usafiri kwenda Kisumu, silinda ikiwa ndani ya kile kitambaa. Alilala Kondele, na mapema akaenda na Wafula kuirudisha kwenye gari la marehemu. Baadaye tulisikia kwamba ndugu za marehemu walifika na kulikagua gari kweli, mpaka chini, na Mama Pamela akasimama mlangoni mwake kichwa juu. Nafurahi kwa ajili yake. Nilichelewa sana kufurahi.

Babu alikufa Jumapili hiyo, jua likiwa utosini, Baba akiwa bado njiani. Wakubwa walisema moyo ulichoka. Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilijua, na nilikaa na kujua huko miaka mingi: kwamba Baba alimtoa babu yangu roho kwa spana ili asiwe mwongo kwa Mama Pamela, na kwamba Babu alikubali. Nilimwogopa Baba kwa hilo. Nilimheshimu pia, siwezi kukana. Hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kujua silinda ni nini na moyo ni nini, ile hofu na ile heshima hazikuachana.

Baba alifika jioni. Alikuwa ameshasikia njiani, kwani alikuja akitembea polepole, na watu walimpisha. Aliingia kwa Babu peke yake. Alipotoka, Mama alimketisha kwenye nyumba mpya, na sisi tukaketi naye. Jirani alikuwa ameleta ngege, samaki mmoja mkubwa, na Mama alikuwa amempika mchuzi kwenye ule moto wa kigae ambao haukuwa umezimwa. Nyumbani kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha Babu, hata akiwa hospitali Mama alimpelekea. Mama akapakua ugali, akapakua samaki, akakitazama kichwa kwenye sufuria, halafu akakiweka kwenye sahani ya Baba. Baba akasema hana njaa. Mama akamwambia, "Kula, Mzee." Ndiyo siku ya kwanza alimwita hivyo. Tulikula ugali na ngege, na kichwa alikila Baba.